Mkwe Asiyesikika Akija

Kabla mafuta hayajakauka Kalemie, hakuna mtu aliyehitaji kuuliza Édouard yuko wapi. Alisikika. Peugeot yake 404, ile yenye turubai nyuma, ilikuwa imeangusha bomba la moshi kwenye njia ya Moba, na tangu siku hiyo ilitoa mlio uliofika sokoni wakati yeye mwenyewe bado yuko mlimani. Padri alipomsikia alikatiza mahubiri, akajipangusa jasho, akangoja apite. Mbuzi walijua upande wa kukimbilia. Édouard hakuona sababu ya kutafuta bomba lingine. Yeye alikuwa dereva, na dereva, kwa maoni yake, ni mtu anayesikika.

Alikuwa mfupi, mpole, mwenye kofia ya ngozi aliyoivaa hata jua la saa saba. Alitelemka kutoka milima ya Moba akiwa kijana, amekaa juu ya magunia ya mahindi ya mtu mwingine, akajifunza kuendesha kwa kuosha magari ya wafanyabiashara mpaka mmoja wao alipochoka kumwona akiyaosha tu. Alipopata la kwake alibeba kila kitu: unga, ndagala wa ziwani, mabibi harusi, na zaidi ya yote majeneza, kwa sababu sanduku la nyuma la 404 lilikuwa refu na yeye hakuwa na haraka. Nadhani hakuna familia upande ule wa mji ambayo haikuwahi kumfuata Édouard kwa miguu mpaka makaburini.

Mke wake aliitwa Noëlla, mama yake Noëlla aliitwa Émérence, na nyumba ya Mama Émérence ilikuwa penye kona ya barabara inayotelemka sokoni. Hapo ndipo ilipo hadithi yote, kwa hiyo tukae kidogo hapo penye kona.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawaitani majina, na siku ya ndoa yenyewe Mama Émérence alikaa kanisani amejifunika kitenge kichwani kama mtu aliyenyeshewa. Sasa, mkwe anapita mbele ya nyumba yako asubuhi na jioni, utafanyaje? Mama Émérence hakupata taabu hata kidogo. Alisikia 404 ikinguruma kule juu, akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango, akangoja ipite, akatoka tena na kigoda. Miaka ikapita hivyo. Ukoo mzima ulimsifu Édouard kwa adabu yake, ingawa kwa haki sifa zile zilistahili kwenda kwa bomba la moshi lililoanguka.

Kisha zikaja siku zile ngumu za mwisho wa Zaire, watu walipokuwa wameanza tena kuitana hadharani majina ya ubatizo, yale ambayo serikali ilikuwa imeyakataza, na mafuta yalipokuja na treni, na treni yenyewe ilipoanza kutokuja. Mapipa machache yaliyovuka ziwa kutoka Kigoma yalikuwa na wenyewe hata kabla ya kushushwa. Madereva walipanga madumu mbele ya pampu kavu, wakaketi kivulini kucheza dama, na jioni kila mmoja akachukua dumu lake tupu akarudi nalo nyumbani. 404 ikanyamaza. Édouard aliifunika turubai yake mwenyewe, na nyumbani wakaanza kula mara moja kwa siku.

Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa na ghala karibu na bandari alifunga milango na kuondoka, akawaachia wafanyakazi vitu badala ya mshahara. Mmoja alipata mabati, mwingine dirisha, na mlinzi wa ghala akapata kigari cha umeme, kile cha kusogezea mizigo humo ndani: ubao mpana juu ya magurudumu manne madogo, kiti kimoja mbele, na sanduku la betri tumboni. Mlinzi alikipanda, akazungusha ufunguo, akasikiliza. Kimya. Akashuka akitukana, akiamini amepewa maiti. Édouard alipopita pale, mlinzi akiwa ameenda kula, akakipanda naye, akakanyaga, na kigari kikaondoka naye polepole mpaka kikagonga ukuta wa ghala. Hakumwambia mlinzi lolote. Kesho yake alimletea mlinzi viti vya 404, vile vyekundu, aviweke sebuleni, naye mlinzi akamwonea huruma mjinga huyu, akamwongezea bure na mashine kubwa ya kujazia betri iliyokuwa imebaki ghalani.

Umeme wa Kalemie ulitoka kwenye maporomoko ya maji huko Bendera, na maji hayangoji treni. Édouard akaunganisha mashine yake nyumbani. Ilipokuwa ikifanya kazi taa za jirani zilififia zikawa za njano, lakini asubuhi kigari kilikuwa kimeshiba, tena bila tone la mafuta. Kilikwenda mwendo wa mtu aliyechelewa misa. Hakikuweza kufika uwanja wa ndege na kurudi. Kiliweza kufika sokoni, bandarini na kanisani, na ukitazama vizuri, mtu wa kawaida wa Kalemie anakwenda wapi pengine? Noëlla akaanza kuuza unga tena. Sufuria ikapanda motoni mchana na jioni.

Aliyeumia roho ni Germain, rafiki yake wa tangu ujana, mwenye Land Rover. Germain aliamini mafuta, ile esansi ya madereva, kama wengine wanavyoamini watakatifu. Kila asubuhi aliketi penye pampu kavu na dumu lake, na kila asubuhi Édouard alipita mbele yake bila sauti, amejaza magunia, akiinua kofia.

"Édouard, ndugu yangu," Germain alimwambia siku moja mbele ya madereva wote, "kitu chenye hakiko na moteri si motokari. Hiyo ni meza yenye kutembea."

"Meza yangu imefika soko leo," Édouard akajibu. "Motokari yako imefika wapi?"

"Esansi ikiisha, unapata kopo moja, unamwanga ndani, unaenda. Yako ikiisha, unalala njiani mpaka umeme ikuonee huruma!"

"Yako inalala tangu Pasaka, Germain. Kuku za bibi yako zinataga ndani."

Madereva walicheka mpaka mmoja akaangusha kete za dama. Germain alikasirika kweli, kwa sababu kuku wa mkewe walikuwa wanataga ndani kweli, tena kwenye kiti cha dereva.

Basi Édouard alikuwa amevimba kichwa kidogo, na alisahau jambo moja tu. Alisahau kona.

Mara ya kwanza Mama Émérence alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya barabara, anatafuna muhindi wa kuchoma. Hakusikia kitu. Aliinua macho, na mkwe wake huyu hapa, karibu naye kama mtu anayetaka kuonja. Mama wa watu akapaliwa. Majirani walimpiga mgongoni mpaka punje zikatoka, huku Édouard akizidi kukanyaga ili atoroke na kigari kikizidi kwenda mwendo uleule wa misa.

Mara ya pili alikuwa katikati ya barabara anabishana na mwuza samaki, anarudi nyuma kwa hasira kama wanavyofanya wanawake wanaojua kununua, akarudi nyuma mpaka akakaa juu ya ubao wa kigari. Hakujua amekaa juu ya nini. Alipojua, aliruka akakimbia, akamwachia yule mwuza samaki samaki wake na hata kitenge chake mwenyewe cha juu.

Lakini ya tatu ndiyo iliyoharibu kila kitu. Mama Émérence alikuwa amesimama na majirani, ameipa barabara mgongo, anawaeleza mambo ya mkwe wake. Alisema binti yake aliolewa na dereva, na leo dereva amegeuka msukuma kitanda. Alisema kichwa cha Édouard kilipikwa na jua la Moba. Alisema mengine pia, ambayo mtu husema akiwa na uhakika kwamba nyuma yake hakuna mtu. Majirani walianza kukodoa macho. Mmoja alikohoa. Mama Émérence akageuka, akamkuta Édouard amesimamisha kigari, kofia mkononi, anangoja kwa adabu amalize ili apite.

Mama Émérence alijifunika kitenge usoni. Aliingia ndani akafunga mlango, na tangu hapo hakutoka kuketi kwenye kona.

Aliyesema ni Papa Gérard, mdogo wa marehemu mume wake, mstaafu wa reli, mtu aliyependa kila kitu kiende kwa utaratibu na ambaye tangu treni zipungue alikuwa na nafasi nyingi ya kuwapangia wengine. Alimwita Édouard na Noëlla, akawaweka kwenye benchi, yeye akabaki amesimama.

"Édouard, weye unamuvizia mukwe wako kama mwizi."

"Simuvizie, Papa. Mie nilikuwa ninapita."

"Unapita bila kusikika! Muntu wa heshima anasikika mbele ya kufika. Ile motokari yako ya zamani ilikuwa inapiga hodi tangu mulimani. Hii inaingia mu nyumba ya bantu kama nyoka."

"Lakini Papa, esansi haiko," akasema Noëlla.

"Mie siongei mambo ya esansi, mie naongea mambo ya haya." Papa Gérard akainua kidole. "Kama mpaka siku ya Mungu hiyo kitu haijapata sauti, Noëlla anarudi kwetu. Tutamuchunga huku mpaka Édouard apate motokari ya kweli. Njo neno letu."

Walirudi nyumbani juu ya kigari. Noëlla alikaa kwenye magunia nyuma, na Édouard aligeuka mara kwa mara kuhakikisha kama bado yupo, maana kwenye chombo kile hata mtu akishuka humsikii. Alimpenda mke wake. Hakuwa amewahi kumwambia vizuri, kwa sababu ndani ya 404 hakuna neno lililosikika, na nje ya 404 alikuwa amechoka. Bila kigari hawali. Na kigari, bila Noëlla, kingembebea nani unga?

Akaanza kutafuta sauti. Alifunga makopo matupu ya maziwa nyuma kwa kamba. Yalipiga kelele nzuri, lakini watu wakaona ni harusi, wakatoka na vigelegele, wakamfuata kuuliza bibi harusi ameketi wapi na vinywaji vitagawiwa saa ngapi. Aliyakata makopo kabla hajafika kwenye kona. Alijaribu kengele ya baiskeli. Ilisikika kama baiskeli, na nani amewahi kuikimbia baiskeli? Alimwendea Germain kumwomba honi ya Land Rover, na Germain akatumia nafasi hiyo kwa furaha yote.

"Angalia sasa! Umekuja kuomba sauti kwa motokari ya esansi. Si nilikuambia?"

"Ulisema, ndugu yangu. Nipe honi."

Germain alimpa, kwa kuwa si mtu mbaya. Walipoifunga na kuibonyeza, honi ililia kama ndama, taa ya betri ikazimika, na kigari kikakataa kwenda kokote mpaka kesho yake. Jumamosi ikawa imefika, kesho ni siku ya Mungu, na Noëlla alikuwa ameanza kukunja vitenge vyake, anavikunja polepole, halafu anavikunjua, halafu anavikunja tena.

"Sasa weye mwenyewe utoe sauti," akamwambia mume wake, bila kumtazama. "Uimbe. Bado uko na shingo."

Lilikuwa wazo la maana, tena halina gharama. Édouard alipakia unga, akaondoka. Alipokaribia mteremko wa kona akasafisha koo, akatafuta wimbo kichwani. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa mwimbaji. Miaka yote ile, kwa mngurumo wa 404, hakusikia wimbo wowote barabarani, isipokuwa ule ambao watu waliuimba wakimfuata kwa miguu nyuma ya gari, polepole, moteri ikiwa chini. Ule aliujua wote, na sehemu ya besi. Akafungua kinywa, akauimba kwa nguvu zake zote: wimbo wa kumsindikiza maiti makaburini.

Sasa, kila mtu wa Kalemie anajua la kufanya akisikia wimbo huo unapita. Huingii ndani. Unatoka. Unaacha chungu, unaacha mteja, unatoka mpaka ukingo wa barabara, na mwanamke anaweka mikono kichwani, hata kama humjui marehemu. Na Mama Émérence alikuwa kiongozi wa akina mama wa mtaa katika misiba. Hakuna jeneza lililopita kwenye kona ile bila yeye kuwa wa kwanza kulipokea.

Alitoka mbio. Alitoka bila viatu, mikono kichwani, akiita, "Ni nani? Ni nani tena, Mungu wangu?" Nyuma yake mtaa mzima ulitoka. Wanaume walivua kofia. Papa Gérard, aliyekaa nyumba ya pili, alitoka na leso. Germain, aliyekuwa anapita kwa miguu na dumu lake, alilitua chini akapiga ishara ya msalaba.

Édouard alipotupa macho mbele akamwona mama mkwe wake anakuja moja kwa moja kifuani mwake.

Akafanya kile ambacho mkwe mwenye malezi hufanya. Alivua kofia yake ya ngozi, akaishika kwa mikono miwili, akaufunika uso wote kwa heshima. Mguu ulibaki palepale ulipokuwa, juu ya pedali. Kigari, kikiwa kwenye mteremko, kikaendelea kumfuata Mama Émérence kwa upole, bila mtu wa kukiongoza na bila sauti, maana mwimbaji naye alikuwa amenyamaza ndani ya kofia.

Mama Émérence alirudi nyuma hatua moja. Kigari kikaja. Akaenda kulia, barabara nayo inainamia kulia, kigari kikaja. Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kulitaja jina lile tangu siku ya mahari, akapiga kelele:

"Édouard! Édouard! Fungua macho, utaniua!"

Kofia ikaanguka. Mguu ukahama. Kigari kikasimama, gurudumu la mbele likiwa karibu kabisa na vidole vyake vya miguu.

Jina lilikuwa limetajwa, nyuso zilikuwa zinatazamana mchana kweupe, na hakuna aliyejua adhabu yake ni mbuzi au ni nini. Papa Gérard alikunja leso, akapenya katikati ya watu, akasafisha koo kwa ajili ya hukumu.

"Gérard, nyamaza kwanza," akasema Mama Émérence. Hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia Édouard. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna?"

"Ni mie nilikuwa naimba. Ili unisikie, uingie ndani."

Mama Émérence alishusha mikono kutoka kichwani. Mtu mmoja huko nyuma alianza kucheka, akazibwa mdomo. Mama Émérence hakucheka. Alimtazama yule mwanamume mfupi kuanzia viatu mpaka kipara, maana bila kofia kipara kilionekana, na alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua iliyochelewa sana kufika.

"Kumbe njo weye," akasema. "Mie nilitoa mutoto wangu kwa kijana. Huyu muzee ametoka wapi? Na umekonda hivi! Noëlla anakupa nini?"

"Ananipa vizuri, Mama."

"Mama Émérence," Papa Gérard alijaribu tena, "familia ilishasema kama mpaka kesho..."

"Familia ilisema, mie sikusema." Sasa sauti yake ilianza kuyumba, na watu waliokuwa karibu wakatazama chini. "Bwana yangu alipokufa, Gérard, familia ilikula matanga ikarudi kwao. Na mie, mwaka muzima, alfajiri, nilikuwa nasikia ile 404 inasimama nyuma ya jikoni. Inasimama kidogo tu, halafu inaenda. Nikitoka nakuta kapu ya unga. Nakuta ndagala. Siku moja nilikuta dawa ya miguu yangu. Muntu haiko. Moshi tu njo iko. Nitamushukuru nani? Mukwe siwezi kumusemeza, haya inakataza. Nilikuwa nasimama pale jikoni, nasema asante kwa moshi."

Édouard alikuwa ameinama, ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Noëlla hakuwa anajua. Hata Germain hakuwa anajua, na Germain alijua kila mahali ile 404 ilipopitia, au alidhani hivyo.

"Sasa moshi haiko tena," akasema Mama Émérence. "Sitaki tena ile haya. Mutachinja kuku, mutaleta kitenge, tutaiondoa vile bazee balikuwa banafanya, na Noëlla anabaki kwa bwana yake." Akasogea mpaka kwenye kiti cha kigari, akaweka mkono juu ya bega la mkwe wake mbele ya watu wote. "Asante, mutoto wangu."

Zamani Édouard angalikanyaga mafuta. 404 ingalinguruma, moshi ungalipanda, mbuzi wangalikimbia, na yeye angalipita kwenye kona na mambo yake ya moyoni bila mtu kujua lolote. Alikanyaga. Kigari kilisogea kidogo tu, kimya, na mtaa mzima ukamsikia Édouard akilia.